Mkwe Asiyepiga Goti

Ihumwa, 4 Februari 1996, Jumapili
Daftari la mwaka jana limeliwa na mchwa, wamenibakizia jalada. Nimeanza hili jipya leo baada ya ibada. Tangu nijue kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima mwaka 1973, sijaacha kuandika mvua. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka, lakini kila msimu ukikaribia alinijia mwenyewe: "Mama Ernest, mwaka juzi tulipanda lini?"

Mvua ya jana ilianza adhuhuri ikakatika jioni. Uwele umesimama vizuri. Karanga zinataka palizi ya pili.

Ernest ameondoka na lori kwenda Kibaigwa. Siku hizi serikali imewaachia watu binafsi biashara ya mahindi, basi kila kijana mwenye sauti ni dalali. Mwanangu anauza mahindi asiyoyalima kwa watu asiowajua, na nyumbani anakuja Jumamosi kulala. Mimi nimebaki na mke wake, Penina. Huu ni mwaka wa nne tangu tumtoe kwa baba yake kule Mtera. Mtoto hawajapata. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi. Sina la kumsema.

7 Februari
Hakuna mvua. Palizi.

11 Februari, Jumapili
Sasa ninalo la kumsema.

Katika nyumba hii mkwe humwamkia mama mkwe kila asubuhi kwa magoti yote mawili, kichwa chini, mpaka aitikiwe na aulizwe habari. Mimi nilimpigia mama mkwe wangu magoti miaka kumi na tisa, kwenye tope na kwenye mimba ya miezi tisa. Penina naye hajawahi kukosa. Na mimi, nisilidanganye daftari langu mwenyewe, hupenda kujivuta kidogo. Naitikia marahaba, nauliza habari za kulala, za moto, za mbuzi, naye bado yuko pale chini. Ni raha ndogo ya uzee.

Leo aliinuka kabla sijafika kwa mbuzi. Akashika mwimo wa mlango, macho ameyakaza kama aliyetukanwa. Nikamuuliza, "Nimekufukuza?" Akasema, "Kizunguzungu, mama." Kizunguzungu asubuhi yote hii, hata jembe hajashika!

15 Februari
Mvua kubwa, mfereji umebomoka. Penina ameanguka shambani akiinuka kutoka kwenye palizi. Alikaa chini akihema kama aliyekimbizwa. Nilikuwa tayari kumpasha, kisha akili ikanijia. Kizunguzungu, pumzi, uchovu. Zipora wewe, umekuwa kipofu? Mkwe wako ni mjamzito!

16 Februari
Nimemchemshia mayai mawili. Nimemwambia asishike jembe. Nimeimba mpaka mbuzi wamenishangaa.

25 Februari, Jumapili
Mayai kila siku. Maji nachota mwenyewe. Asubuhi namwitikia upesi nisimchoshe. Hajasema kitu kuhusu mimba, na mimi sijamuuliza, maana jambo kama hilo halifukuzwi na maswali.

3 Machi, Jumapili
Nimeona vitambaa vyake vimeanikwa nyuma ya nyumba. Hakuna mimba.

Nikamwita. "Kwa nini uliniacha nikupikie mayai?" Akasema, "Mama, hukuniuliza. Nilidhani umenihurumia kwa sababu naumwa." Jibu hilo lilinikata maini. Nilijiona mjinga, na mtu akijiona mjinga hutafuta wa kumlipisha. Nimempa jembe. Kizunguzungu chako, nikamwambia, kazi itakitoa.

10 Machi
Mvua ndogo. Ameanguka tena, kwenye karanga. Nimeendelea kulima.

17 Machi, Jumapili
Leo ameniamkia amesimama. Amesimama wima, mkono mmoja ukutani, na kusema "Shikamoo mama" kama mwalimu anayesalimia darasa. Sikuitikia. Akangoja, akaondoka.

Jioni nilimsimulia Ernest. Akanywa chai yake, akasema, "Mama, mambo ya wanawake yamalizeni wenyewe." Hivyo ndivyo walivyo, mwanamume akiwa kati ya mama na mke anageuka kuwa bubu.

18 Machi
Amesimama.

19 Machi
Amesimama. Na mimi nimeamua kuziandika zote, ili siku nikiitwa na wazee kueleza kwa nini nimemrudisha kwao, niwe na tarehe.

7 Aprili, Pasaka
Aibu. Kanisa zima lilipopiga magoti kwa maombi, Penina alibaki ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, peke yake kati ya vichwa vilivyoinama. Anyesi wa kwaya aligeuka akanitazama mimi. Sasa hata Mungu hapigiwi goti na huyu.

Nilipotoka nikamwambia mbele ya watu kwamba kiburi hakina dawa. Kanga yake ilikuwa imemlegea kiunoni, akawa anaikaza na kuikaza.

20 Aprili
Homa, viungo vinamuuma. Zahanati wamempa klorokwini. Ni mara ya tatu mwaka huu. Nimeandika humu majina ya dawa zote kwa sababu yeye husahau.

28 Aprili, Jumapili
Mvua ya mwisho, nafikiri. Uwele una masuke mazuri. Ndege wameshaanza.

12 Mei, Jumapili
Penina ameanguka bombani, ndoo ikamwagika, watu wakajaa. Aliyemwinua ni Stara, yule anayeuza maandazi karibu na reli. Stara ni mtu wa mjini, babu yake alikuja na misafara ya zamani, na ulimi wake haujui kuzunguka. Alimleta mpaka mlangoni kwangu.

"Mama Ernest, huyu mtoto anaumwa."

"Anajua kuumwa kukiwa na ndoo."

"Basi nikwambie nilichokiona. Alikuja bombani anatembea vizuri, anacheka na wenzake. Akainama kuibeba ndoo, akageuka rangi. Mara ya pili hii naona. Mvivu haigizi midomo kuwa ya kijivu, dada yangu."

Nikamwambia aende akaangalie maandazi yake yasiungue. Alicheka, lakini hakufurahi. Alipoondoka nilimtazama Penina midomo, kwa kuibia. Ilikuwa kama midomo yake tu.

19 Mei
Tumeng'oa karanga. Yeye aling'oa akiwa ameketi, anajisogeza kwa makalio mstari hadi mstari. Majirani walicheka. Mimi pia.

30 Mei
Nimepita chumbani kwao asubuhi kuchukua ungo, nikamkuta amelala ameketi, mgongo ukutani, mto mapajani. Nikamuuliza kama kitanda alicholipia mwanangu kina miiba. Akasema, "Nikilala ubavu wa kushoto, mama, ni kama mtu ananikalia kifuani. Nikikaa, ananyanyuka."

Naandika hilo neno kwa sababu limenichekesha. Nafikiri ni mambo ya majini na mapepo.

9 Juni, Jumapili
Hatukwenda kanisani. Asubuhi nilisikia kikohozi cha maji maji, nikaenda kufoka, nikakuta beseni lina povu la rangi ya waridi. Penina alikuwa ameshika kingo za kitanda, mabega yakipanda na kushuka. Hakuniamkia kabisa, wala sikungoja aniamkie. Nilikimbia kwa Stara bila kitambaa kichwani. Mkwe wake ana pikapu.

10 Juni
Nimeketi hospitali kubwa ya mjini, kwenye ukumbi. Naandika yote ya jana na leo, maana nisipoyaandika nitajipunguzia.

Daktari aliyetupokea anaitwa Abdulnasiri. Kijana mdogo, ndevu zake zinahesabika, lakini aliniamkia kwanza kabla ya kumgusa mgonjwa. Walimdunga sindano ya kutoa maji mapafuni, wakamkalisha kwa mito. Leo asubuhi alipopata kauli, daktari akamuuliza, "Yalianza lini, dada?"

"Siku nyingi kidogo."

"Mwezi? Mwaka? Ukifanya nini?"

Penina akatikisa kichwa. Hapo mimi nikavimba. "Daktari," nikasema, "mimi ninalo daftari. Kila kitu kina tarehe." Nilikuwa nimelibeba kikapuni kwa ajili ya yale majina ya dawa. Alifurahi kweli. Akavuta stuli, akatoa kalamu. "Mama, katika wagonjwa wangu mia sijapata mmoja mwenye daftari. Nisomee."

Nikafungua. Tarehe kumi na moja Februari. Nikasoma "kizunguzungu" na nikataka kuruka mengine. Akasema, "Taratibu, mama. Soma kama ulivyoandika. Alikuwa anafanya nini?"

Nikasoma. Nilisoma habari ya magoti na ya kujivuta kwangu na ile raha ndogo ya uzee. Nilisoma jembe baada ya mayai. Nilisoma "nimeendelea kulima". Daktari akanipa maji, nikanywa, nikasoma Pasaka. Nilisoma kwamba nataka kumrudisha kwao kwa tarehe. Penina alikuwa kitandani pale pale, hatua moja, ameelekeza uso ukutani. Hakuna mahali pa kwenda katika wodi.

Kila nilipomaliza siku moja, daktari aliuliza jambo lile lile: "Alikuwa ameinama? Ameinuka? Amelala?" Akachora kijistari. Palizi, ameinuka. Bombani, ameinama. Kwenye goti, ameinama kisha ameinuka. Kitandani, ubavu wa kushoto. Mwisho akahesabu vijistari vyake.

"Shamba lenu liko mbali?"

"Nusu saa kwa miguu."

"Amewahi kuanguka njiani?"

Nikafikiri. Nikapekua. "Hapana."

"Unaona, mama. Mtu anayekwepa kazi angeanguka akiwa njiani kwenda shamba. Huyu anafika, anafanya kazi, anaanguka akiinama au akiinuka. Na aliacha kupiga magoti kwa sababu magoti yalikuwa yanamzimisha."

Akampima moyo akiwa ameketi. Kisha akamwomba alale ubavu wa kushoto, kidogo tu, muuguzi akiwa amemshika. Akasikiliza kwa muda mrefu, amefumba macho. Penina akaanza kutweta, wakamwinua upesi.

"Akikaa nasikia sauti moja, akilala nasikia nyingine," alisema. "Mwanzo nilidhani ni mlango wa moyo umeharibika, tunaona wengi wa namna hiyo. Lakini mlango mbovu ni mbovu akikaa na akilala. Hapa nafikiri kuna kitu kinachotembea. Uvimbe laini, umeota ndani ya chumba cha moyo, umening'inia kwa kikonyo. Mwili ukikaa vibaya unakwenda kuziba njia ya damu."

"Kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu," nikasema.

"Hasa. Gunzi lililofungwa uzi. Homa, kukonda, maumivu ya viungo, vyote huja nao. Ndiyo maana klorokwini haikumsaidia."

Nikamuuliza kama ni saratani. Akasema mara nyingi uvimbe wa aina hii si saratani. Ukitolewa, mtu anapona na kuishi miaka yake. "Ubaya wake ni pale ulipokaa. Na unaweza kumeguka, kipande kikaenda na damu mpaka kichwani. Kwa hiyo hatuna muda wa kuchezea. Mimi nina masikio tu. Mashine ya kupiga picha ya moyo iko Dar es Salaam."

Alitushukuru kwa daftari. Alisema limemwonyesha njia.

Nimerudi kitandani nikamwita, "Penina." Akasema, "Bee, mama," bila kugeuka. Nikamwuliza kama anataka uji.

12 Juni
Amepata nafuu. Anakula. Ernest hajafika, lori lake limekwama Kibaigwa na mzigo wa watu.

13 Juni
Daktari ameniambia kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la hospitali linakwenda Dar es Salaam, na amemwombea Penina nafasi. Gari lingine ni baada ya wiki.

Nikamwambia haiwezekani kesho.

Nieleze. Penina ana baba, Mzee Mazengo wa Mtera. Binti hapasuliwi kifua bila baba yake kuambiwa na kuja kumwona. Hayo ndiyo tuliyokuta. Akifia huko mbali nao hawajui, watakuja hapa kuniuliza: mlimpeleka wapi, kwa idhini ya nani? Nimemtuma mtu na basi la Iringa amwite mzee. Daktari alinitazama sana. "Mama, ugonjwa huu hausubiri wakwe." Nikamjibu, "Mwanangu, wewe ni wa mjini." Akaondoka akitikisa kichwa.

Ernest kafika jioni. Nikamweleza. Akasema, "Mama, wewe ndiye unayejua desturi." Penina hakuulizwa. Sasa ninapoandika ndipo naliona hilo.

14 Juni
Gari limeondoka. Nimelisikia likipiga honi getini.

15 Juni
Mzee bado. Wanasema yuko bwawani na wavuvi.

17 Juni
Bado.

19 Juni
Nilikuwa namshikia Penina kikombe cha uji. Akasema, "Niachie, mama, nitashika." Nikamwachia. Kikombe kikaanguka. Nikadhani kimemteleza, nikainama kukiokota, nilipoinuka nikaona mdomo wake umekwenda upande. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama si wake. Alikuwa ananiambia kitu. Sauti inatoka, maneno hayatoki. Macho yake yalinishika, na yalikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Nilipiga kelele. Daktari Abdulnasiri alikuja mbio. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema.

Kipande kimemeguka.

Nitaandika ukweli, hata kama mchwa watakula daftari hili nalo. Si desturi iliyonifanya nimngoje baba yake. Desturi nilivaa juu, kama kanga. Ndani yake kulikuwa na woga. Penina alikuwa amenisikia nikisoma, na mimi nilijua akifa, watu watasema Zipora ndiye aliyemwua kwa masimango. Nilitaka Mzee Mazengo awepo, aone kwa macho yake kwamba nimefanya yote, ili lawama zigawanywe. Niliogopa lawama kuliko nilivyoogopa kifo chake. Wazee husema majuto ni mjukuu. Mjukuu nilimwomba kwa Mungu miaka minne, na huyu ndiye aliyekuja.

20 Juni
Mzee Mazengo amefika saa nne, viatu vina vumbi, ameshika mfuko wa samaki wakavu. "Mbukwenyi," akasalimia wodi nzima. Kisha akamwona binti yake.

Alikaa kando ya kitanda akaushika ule mkono wa kulia, akawa anaukanda vidole kimoja kimoja. Nikamwambia, "Mzee, tulikungoja wewe. Gari lilikuwepo wiki iliyopita, tukasema haifai kumpeleka bila wewe."

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha. "Mliningoja mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ningekuja kufanya nini? Mimi ndiye ninayepasua?"

Akasema tena, polepole, kwa Kigogo, na kwa Kigogo iliuma zaidi. Basi, lile nililolingoja juma zima halikuwepo kabisa. Hakuna aliyekuwa anadai idhini. Mzee angetushukuru tu.

21 Juni
Wameondoka na gari: Penina, baba yake, Ernest. Nafasi ya nne ilikuwepo. Ernest alisema, "Mama, wewe baki na mavuno." Hakunitazama aliposema.

30 Juni, Jumapili
Uwele umevunwa. Upepo ni mkali na baridi.

6 Julai
Barua ya Ernest. Mashine imeonyesha. Anasema aliiona kwenye kioo mwenyewe, donge la ukubwa wa yai, linarukaruka ndani ya moyo kama samaki ndooni. Madaktari wa huko wakauliza ni nani aliyelitambua kwa masikio tu, wakamsifu Abdulnasiri. Maneno yanaanza kumrudia Penina, mkono bado. Hapa Tanzania hawapasui moyo namna hiyo. Wizara imeliandika jina lake katika wagonjwa wa kwenda India.

Nimeisoma barua mara nne nikitafuta salamu za Penina kwangu. Hazimo.

13 Julai
Tumepura. Nilikuwa na watu sita wa ujima na nikapika peke yangu. Nimeinama na kuinuka siku nzima, na kila nilipoinuka nilijisikiliza: pumzi ipo, macho yanaona. Sikujua kuinuka ni zawadi.

21 Julai, Jumapili
Ilipofika sala ya kupiga magoti nimebaki nimekaa. Si kwa kiburi. Nilitaka kujua ilikuwaje kuketi vile kati ya watu, na kutazamwa. Inachoma mgongoni.

24 Julai
Stara kaja na maandazi. Nikamwomba radhi kwa yale ya mwezi wa tano. "Ah, dada yangu," akasema, "mimi nilisema mara moja nikanyamaza. Ningesema mara tatu ungenisikia." Tukala maandazi. Hata yeye ana jutio lake.

29 Julai
Hakuna habari.

3 Agosti
Hakuna habari. Nimekwenda posta mjini kwa miguu na kurudi. Nimempitia Daktari Abdulnasiri, naye hana habari. Aliniambia wameanza kuwauliza wagonjwa wote, "Ukiinama inakuwaje? Ukilala ubavu gani?" Alisema ni kwa sababu ya daftari langu. Alidhani ananifariji.

10 Agosti
Telegramu kutoka India! AMEPASULIWA SALAMA. SI SARATANI. ERNEST.

Nimeibusu karatasi. Nimelia mbele ya karani wa posta, naye akanipa kiti.

Si saratani. Kitu cha kutolewa na kutupwa. Nilipofika nyumbani ndipo neno hilo lilipogeuka likaniuma: kulikuwa na kitu kidogo tu cha kutolewa, na mimi niliongeza vingine.

1 Septemba, Jumapili
Nimepaka chokaa chumba chao. Nimenunua godoro jipya na mito mitatu. Nimewaambia majirani wanarudi wiki hii.

9 Septemba
Barua ya Ernest, muhuri wa Iringa. Wametoka Dar es Salaam wakapita Iringa mpaka Mtera. Hawakupita Dodoma. Anasema Penina atapumzika kwa baba yake. Anasema mahindi ya Kibaigwa ameyaacha, atafanya biashara ya samaki. Hakuandika mpaka lini.

22 Septemba, Jumapili
Nimefunga nguo za wiki mbili, daftari hili, na karanga za kukaanga. Kwa mkono ule Penina anahitaji mtu wa kumfulia, wa kumpikia, na mimi ndiye mama mkwe. Kesho naondoka.

23 Septemba, Mtera
Naandika kwa baba yake, barazani, kuna upepo wa bwawani. Ernest kaenda kunitafutia maji ya kunywa.

Nilimkuta Penina ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, anachambua dagaa kwa mkono wa kushoto. Amenenepa. Midomo yake ina rangi ya mtu. Niliisahau sura yake jinsi ilivyo nzuri. Aliniona, akasema, "Shikamoo mama," maneno yote mazima, na mimi nikaitikia mbio mbio nikaketi chini pale pale kwenye mchanga.

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, basini. Yote yakanitoka. Nikasema, "Penina mwanangu, nilikukosea. Ulikuwa unaumwa, nami nilikuandikia mashtaka. Gari lilikuwepo, nami nilikuzuia. Huo mkono ni mimi. Nisamehe."

Aliweka dagaa chini. Alijifuta mkono kwenye kanga, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mama. Nilikusamehe India, kabla hawajanilaza. Niliogopa kufa na kitu moyoni."

Nikalia. Nikashika miguu yake. Nikamwambia nimekuja kumhudumia, nina nguo za wiki mbili, na chumba chake Ihumwa kimepakwa chokaa, kina godoro.

Hakuondoa miguu yake. Aliongea taratibu, kila neno akilitafuta.

"Madaktari wamesema nimepona. Na kweli, nainama, nainuka, nalala ubavu wowote. Lakini asubuhi hii, nikiwa hapa mkekani, nilisikia hatua zako nyuma ya nyumba, kabla hujatokeza. Nikazijua. Na pumzi ikanikatika, mama, kama zamani. Nikashika ukuta." Akapumua. "Sina kinyongo. Ni mwili tu. Bado haujui kwamba nimekusamehe."

Kuku walipita. Nilimtazama kifuani, kanga ikipanda na kushuka, na nikaona ni kweli, ilikuwa inakwenda mbio, na aliyekuwa anaikimbiza ni mimi niliyekaa pale mbele yake na karanga zangu.

Nimemwachia karanga. Nimemwambia Ernest anitafutie basi la mchana.